Damu Aliyonificha Mume Wangu

Kilwa Kivinje, Jumanne, Mfungo Sita. Mvua tangu alfajiri.

Masika imeshika mji. Ua umejaa tope, kuni zimelowa, na mimi nimekaa ukumbini na kalamu ya marehemu baba. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Nina hasira. Hilo liandikwe kwanza, mengine yatafuata.

Mume wangu Salehe ameanguka leo asubuhi akitoka chooni. Alishika ukuta, ukuta haukumfaa, akaenda chini mzima mzima kwenye tope. Uso umempauka, mikono baridi, jasho linamtoka na huku mvua inanyesha. Nikamburura hadi chini ya paa, nikamlaza juu ya jamvi, kisha nikaingia chooni na kata ya maji kusafisha. Nikaona.

Choo chake kilikuwa cheusi kama masizi ya chungu, kinanata, na harufu yake sijawahi kuisikia katika nyumba hii.

Baba yangu alikuwa mtu wa tiba. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi aliyekuwa akimtwangia dawa ni mimi, na wakati wa kutwanga masikio hayana kazi ila kusikiliza. Alikuwa akisema damu nyekundu hutoka mlangoni, nyeusi hutoka ndani ya nyumba. Ile mbichi inayopaka juu ya choo, tena inauma mtu akijikamua, mara nyingi ni bawasiri au mchaniko. Huwapata sana wanaokaa kitako kutwa na wenye choo kigumu. Damu iliyochanganyika na makamasi, tumbo linasokota na mwili una homa, ni kuhara damu, na hiyo haina subira, hasa kwa watoto. Wengine ni minyoo tu. Hata nyekundu isiyouma, ikiwa haikomi au mtu anakonda, aonyeshwe wanaojua. Lakini choo kikiwa cheusi na mtu anaona kizunguzungu, baba alisema, usimtafutie jina la ugonjwa, mtafutie watu wa kumbeba.

Haya yote nayajua. Nimeyajua tangu sijaolewa.

Na nimeishi nyumba moja na damu hii, sikuambiwa.

Mwezi uliopita niliona doa jekundu kwenye kikoi chake. Akasema ni tambuu. Ni kweli Salehe anatafuna tambuu kutwa, midomo yake haijui rangi nyingine, lakini doa lilikuwa nyuma. Nikamuuliza siku hizi anatemea mate wapi. Akacheka, nami nikacheka, nikakifua.

Kisha akaacha kutumia choo cha nyumbani. Akawa anashuka pwani kabla ya adhana ya alfajiri; leo tu ndipo mvua ilipomzuia. Akahamia kulala ukumbini, eti joto. Joto gani la masika? Nikajua ana mwanamke. Nilikwisha kumchagua hata huyo mwanamke, mjane mmoja wa mtaa wa nyuma, nikamnunia maskini wa Mungu bila kosa lolote.

Afadhali ingekuwa mjane.

Wifi yangu Zuhura, dada yake Salehe, anakaa nyumba ya pili. Aliposikia sauti yangu alikuja mbio, akamwona kaka yake pale jamvini, na hata salamu hakutoa.

"Nilimwambia akwambie, wifi," alisema. "Wallahi nilimwambia."

"Aniambie nini?"

Aliyejibu ni Salehe mwenyewe, kwa sauti ndogo. Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, alikwenda Kipatimu kununua sandarusi, vita vikamkuta huko huko. Akanywa ile dawa ya maji ya kuzuia risasi kama walivyokunywa wenyeji wake. Walipewa miiko, na mmoja ulikuwa kutomkaribia mke mpaka vita viishe. Akarudi mjini kimya kimya, akaushika mwiko wake Ramadhani nzima, mimi nikidhani ni ucha Mungu. Usiku wa Idi akauvunja.

"Damu ilianza baada ya hapo, Mama Rehema," alisema. "Dawa imenigeukia. Ningekwambiaje?"

Usiku ule wa Idi nilijifukiza udi. Nilivaa leso mpya, nikamshukuru Mungu kwamba vita vimenirudishia mume wangu mzima. Kila aliponipa kisogo tangu hapo, nilikuwa nikiukumbuka usiku ule nikajipa moyo.

Kumbe yeye anauhesabu kuwa ndio usiku nilipomuua.

Zuhura akamalizia. Alikuwa akimletea mizizi kutoka kwa mganga mmoja wa Kikole, ya kuondoa mwiko. Michungu, inachemshwa, inanywewa asubuhi kabla ya kula chochote. Na kula kwenyewe katika njaa hii tuliyoachiwa na vita ni mara moja kwa siku. Baba alikuwa akiwakataza watu dawa kali kwenye tumbo tupu. Alisema inalichuna kwa ndani mpaka litoe damu. Labda mwanzo ilikuwa bawasiri tu, ya kuponywa kwa maji ya vuguvugu na mboga za majani, kisha mizizi ikazaa hili jeusi. Sijui. Mimi si baba. Lakini ningeulizwa!

Dada yake aliambiwa. Mganga wa Kikole, ambaye hata jina lake silijui, aliambiwa. Binti wa mtu wa tiba, anayempikia na kumfulia, akaambiwa tambuu.

Nikasema apelekwe hospitali ya boma la Wajerumani. Akakataa. Anaogopa wakijua amekunywa maji yale watamnyonga, na siwezi kusema anaota, maana wapo walionyongwa. Nikamwambia, "Hapa unakufa kwa hakika, kule ni labda. Twende kwenye labda." Majirani wakambeba na kitanda chake, tukapita na mvua yetu.

Msaidizi wa daktari, kijana wa pwani hii hii, akauliza damu ilianza lini, rangi gani, kama ametapika damu, amekula nini na amekunywa nini. Nikamweleza nyekundu na nyeusi, kizunguzungu na mizizi, sikubakiza; Salehe akakiri kwamba weusi ulianza tangu alipokuwa akishuka pwani. Kisha akauliza kama mgonjwa amewahi kufika Umatumbini, vilima vya Kipatimu vilikoanzia vita.

Nikasema huyu ni mtu wa mjini, vilima vile anavisikia tu.

Nilisema kwa uso mkavu. Zuhura akanitazama, sikumtazama. Aliyenificha nimemficha.

Daktari akambonyeza tumbo, akamfunua kope, akaagiza alazwe, alishwe maziwa kidogo kidogo, na mizizi asiiguse tena. Hakutuahidi kitu. Alisema tungemleta siku ile ya kwanza ya weusi, kazi ingekuwa ndogo zaidi. Siku ya kwanza ya weusi mimi nilikuwa namnunia mjane.

Yalipoletwa maziwa, nikamwinua kichwa nimnyweshe. Akafumba mdomo.

"Mpe Zuhura aninyweshe," alisema. Hakunitazama.

Nikampa Zuhura kikombe.

Nimerudi nyumbani peke yangu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sitaki kifo kimuumbue. Nataka apone. Nataka apone nipate kugombana naye akiwa na nguvu za kunijibu, nimuulize alinitazamaje miezi yote hii nilipokuwa nikimpakulia wali.

Na akipona, atasema ameponywa na maziwa ya daktari, au kwa kuwa mkono wangu haukumgusa?

Kukipambazuka nitapika uji wa mtama na kuupeleka mwenyewe, mvua iwepo isiwepo. Zuhura nitamwomba atoke nje. Kikombe nitakishika mimi, kwa mkono huu huu anaouogopa, na nitakaa pale mpaka anywe.