Msingi wa Nyumba ya Mama

Jumamosi, 2 Agosti
Lori limegoma tena kwenye korongo. Mchanga umemwagwa chini, na kutoka pale hadi kiwanjani ni punda tu. Punda watatu, viroba, madumu ya maji. Wiki ya tatu sasa na hata mtaro hatujachimba, kwa sababu hatujakubaliana ni msingi gani.

Huko bondeni nyumba ya mama imepasuka ukuta wa chumbani. Udongo mweusi ule. Kiangazi unachanika, mvua zikija unavimba. Mwaka jana ukuta wa jikoni ulianguka wote. Mvua zikianza kabla hatujaezeka, sijui atakaa wapi. Na kiwanja tulichoachiwa na baba ni hiki tu cha mlimani. Nimechoka.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Watu wako Nyakabindi kwenye maonyesho wanakula nyama choma. Mimi nimeshika ncha moja ya mpira wa maji wa kupimia usawa, Fundi Masanja kashika nyingine. Tumepima mara mbili, maana mara ya kwanza mpira ulikuwa na hewa. Kona ya juu imeipita kona ya chini kwa kimo cha mtu mzima. Nikamuuliza fundi ni msingi gani utapunguza mizigo ya kupandisha. Nguzo za zege, akasema, nyumba ikae juu yake. Safi. Nimeteremka nikiimba.

Jumapili, 10 Agosti
Mama kakataa katakata. Kwetu kinachoinuliwa juu ya miguu ni kihenge, ili panya na unyevu visiufikie mtama.

"Ng'wana wane, mwanangu, mimi ni mtama?"

Nimeeleza hadi koo limekauka. Kasema atalala penye ardhi chini yake, au atabaki bondeni. Fundi, Msukuma mwenzake, akawa anaangalia viatu vyake. Juzi alikuwa mtaalamu!

Jumanne, 12 Agosti
Mdogo wangu Maduhu kapiga simu kutoka Mwanza. Hajakanyaga hapa tangu msiba wa baba, ila maoni anayo. Tukate mlima, udongo tuumwage upande wa chini, tupate uwanja ulio sawa. Katuma video nne. Zote zina tingatinga. Tingatinga lipite wapi?

Nimekubali. Nimekubali ili anyamaze. Aibu kwa mwalimu wa hesabu.

Jumamosi, 23 Agosti
Vibarua wanne, sururu, siku tisa. Upande wa juu wamekutana na jiwe. Wamelichoma moto, wakalimwagia maji lipasuke. Limepata ufa mmoja. Upande wa chini kuna rundo la kifusi. Maduhu anataka picha. Hapati.

Jumanne, 26 Agosti
Mvua. Mwezi wa nane! Haikufika hata saa nzima. Kifusi chote kimeporomoka hadi kwenye zizi la Mzee Ng'wandu, jirani wetu wa chini. Bahati mbuzi walikuwa malishoni. Nimekwenda kuomba radhi, nimepiga magoti. Hakukaripia. Aliuliza tu kama tumekula. Afadhali angenitukana.

Nina hasira na Maduhu. Nina hasira na mama. Na mimi mwenyewe ndiyo zaidi.

Jumamosi, 30 Agosti
Nimegombana na Fundi Masanja. Kwa nini hakunikataza? "Mwalimu, ulishaamua." Tulipotulia akasema upo msingi wa ngazi, aliwahi kuujenga huko Ngasamo. Mtaro unapanda na mlima hatua kwa hatua, kila hatua inasawazishwa peke yake, na mawe ni ya hapa hapa. Chumba cha mama juu, sebule katikati, jiko chini, vidato ndani. Kila chumba kinakanyaga ardhi yake.

Mbona hakusema mapema? Kwa sababu nilimuuliza mizigo, sikumuuliza nyumba.

Mama kauliza swali moja: chini ya kitanda kutakuwa na nini? Udongo. Basi, kasema. Basi! Mwezi mzima!

Maduhu anasema ngazi ndani ya nyumba ni ushamba. Nimemkatia simu.

Jumapili, 14 Septemba
Mawe ya chumba cha juu yamefika magotini. Mama kapanda leo kwa mara ya kwanza, kashikwa mkono na mke wa Mzee Ng'wandu. Wamepumzika mara tatu. Kaingia kwa pale mlango utakapokuwa. Katandika khanga chini, kajilaza.

Nilidhani anapima chumba. Kumbe kalala kweli, mdomo wazi.

Mke wa Ng'wandu kaninong'oneza. Tangu ukuta wa jikoni uanguke, mama halali ndani. Huweka kiti mlangoni na kukaa hadi kunakucha. Karibu mwaka. Mimi niko Bariadi mjini, pikipiki nusu saa, na sikujua.

Nimemwomba fundi aache kugonga mawe. Kaweka nyundo chini. Tumekaa nje ya ukuta hadi saa kumi na moja jioni.