Neno Lililokutoka Mbele ya Darasa

Baba,

Wamekucheka tena, na safari hii ilikuwa ndani ya darasa langu.

Shikamoo. Nimeanza na habari kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, nawe hukupenda mtu anayezunguka. "Sema jambo, Neema, kupamba baadaye."

Ilikuwa wiki ya kufunga shule, kule Ziba ninakofundisha. Darasa la sita, sayansi. Nilimwita Shija, msichana mchangamfu ambaye darasa zima linampenda, aje ubaoni aandike sehemu za mmea. Akaandika mzizi, akaandika shina, akakwama. Badala ya kurudi kukaa, aliinua chaki juu, akaacha mdomo wazi, akatoa macho, akatulia hivyo. Nilijua anachofanya kabla hajasema. "Limenitoka," akasema kwa sauti nzito ya mzee. "Neno limenitoka." Wenzake wakalia kama punda, wengine wakapiga madawati. Hawakujua, Baba. Kwao mimi ni Madam Neema tu. Hawajui kwamba yule mzee wa kwenye simu za kaka zao ana binti, na kwamba binti mwenyewe alikuwa amesimama pale na vumbi la chaki mikononi.

Nitakuambia nilifanya nini. Kwanza niache nikukumbuke kabla hujawa kichekesho, maana siku hizi inanibidi nijilazimishe.

Shule yako ya Ulyankulu haikuwa na maabara. Ulikuwa na moyo ulioutia rangi kwenye mfuko mtupu wa sukari, na watoto wa miaka mingi walikua wakidhani moyo wa binadamu una maandishi ya kiwanda kwa nyuma. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikuja likizo nikakuonyesha kwenye simu yangu moyo unaopiga, damu inaingia, damu inatoka, picha iliyowekwa mtandaoni na mwalimu wa nchi ya mbali, bure, achukue anayetaka. Uliitazama mpaka simu ikaisha chaji. Ukauliza, "Na yeye anapata nini?" Nikasema hapati kitu. Ukasema, "Basi huyo ni mwalimu."

Kuanzia hapo Jumamosi zako zikawa za Tabora mjini. Kule kwetu mtandao ulikuwa hauna nguvu ya kuvuta hata picha moja, kwa hiyo ulipanda basi la asubuhi kwenda dukani kwa Bi Zuwena, yule mama wa Kiarabu anayeuza vitambaa, aliyekuruhusu utumie mtandao wa duka lake. Alikuwekea kiti nyuma ya majora ya vitambaa na kikombe cha kahawa. "Mwalimu Elikana, leo unachukua moyo au mapafu?" Ulirudi jioni na flashi kwenye mfuko wa shati, umeifunika kwa kiganja kama mtu aliyebeba yai.

Ukaazima runinga ya kanisa, ukaiunga na umeme wa jua. Sauti uliizima, kwa sababu msemaji alikuwa anakimbia mno na Kiingereza chake. Ulisimamisha picha katikati ukauliza, "Sasa damu itatokea mlango upi?" Watoto wakabishana kwa Kiswahili, kwa Kinyamwezi, wengine kwa Kirundi cha bibi zao, nawe ukawaacha wabishane. Kisha ukawaambia kila mtu amshike jirani yake kifundo cha mkono, atafute mapigo. "Usimwamini huyu wa kwenye kioo mpaka umejishika mwenyewe." Mwisho wa kipindi ulimtaja aliyetengeneza picha, jina lake na nchi yake, ukilitamka vibaya kabisa. Ulisema aliyetoa bure hakusema afutwe jina.

Halafu ukaona walimu wa shule nyingine hawana Bi Zuwena wao. Ukaanza kurekodi masomo yako kwa Kiswahili, uyaweke na wewe mtandaoni, bure. Aliyekuwa anashika simu ni Gervas.

Nisingependa kuliandika jina hili, lakini lazima nilitaje. Alipangiwa shule yako, mwalimu kijana, akiwa hana hata godoro. Alikula kwetu michembe ya Mama, vile viazi vikavu vya kuchemsha, mpaka akawa anajipakulia mwenyewe bila kukaribishwa. Ulimwita mwanangu. Ulimfundisha kutafuta masomo, kuchagua lililo sahihi, kukata sehemu isiyofaa. Ndiyo, Baba. Kukata alijifunza kwako.

Siku ile ulikuwa unafundisha moyo. Ulitaka kusema mshipa. Neno ulilolisema maisha yako yote. Chaki ikabaki juu, mdomo ukabaki wazi, macho yakatafuta ukutani. Ukasema limenitoka, neno limenitoka. Mtoto mmoja wa mbele akasema taratibu, "Mshipa, Mwalimu." Ukamshukuru, ukafuta uso, ukamaliza somo lote. Hayo uliniambia mwenyewe jioni ile kwa simu, ukicheka uzee wako. Gervas alikuwa na rekodi nzima. Akakata pale pale kabla ya mtoto kusema, akaweka mlio wa punda, akairusha mtandaoni.

Unajua yaliyofuata, ulikuwepo. Ila sijawahi kukuambia kwamba najua jinsi ulivyojaribu kucheka nao. Kwenye basi vijana wakikuomba, "Mzee, tufanyie ile," uliwafanyia. Uliinua mkono, ukaacha mdomo wazi, wakakurekodi tena. Kisha akaja ofisa wa elimu, akakuambia mbele ya walimu wenzako kwamba umeiaibisha wilaya, uache kurekodi, runinga na flashi umkabidhi Gervas. Ukapewa darasa la pili, kusoma silabi. Na maneno yakaendelea kukutoka. Mama akasema ni aibu imekukalia kooni. Mimi nikasema ni huzuni, nikakuombea. Ukaacha kuongea mezani. Ukawa unanyoosha kidole tu, chumvi, maji.

Siku uliyoanguka tulikupeleka hospitali ya mjini kwa gari la kubebea tumbaku. Uliniona, nilikushika mkono, lakini ulikuwa huwezi kusema hata jina langu. Muuguzi aliyekuja kukupima alikutazama, akatabasamu, akamwita mwenzake kutoka chumba cha pili. "Njoo umwone, si ndiye yule wa neno limenitoka?" Mwenzake akaja kweli. Wakasimama miguuni pa kitanda chako.

Daktari alikuwa mwanamke, mkali, amechoka. Aliniuliza maneno yalianza kukupotea lini. Jibu lilikuwa kwenye kila simu ya hospitali ile. Nikamwonyesha. Akazima sauti ya punda, akaitazama, akairudisha, akaitazama tena. Akaweka kidole kwenye kioo. "Mdomo upande wa kulia umeshuka. Unaona? Hiki kilikuwa kiharusi kidogo, kinachokuja na kupita. Ni onyo. Angeletwa siku ile tungekuwa na la kufanya."

Alisema hivyo hapo hapo, kando ya kitanda chako. Alidhani husikii. Mimi nilikuwa nimekushika mkono, na ulinibana.

Umati mzima wa watu, Baba. Waliitazama, wakairudisha, wakawaonyesha wake zao na watoto wao. Wamo madaktari humo, hawawezi kukosa. Wamo wachungaji. Walimtazama mtu anapigwa na kiharusi mbele ya darasa lake, na wakaiwekea muziki wa ngoma.

Mazishini kwako, mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, simu ya kijana mmoja uani ilianza kuita. Punda, kisha sauti yako. Limenitoka. Aliizima upesi, lakini watu walikuwa wameshainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Mama alikuwa ndani na wanawake, akayaona mabega yale kupitia dirisha. Alidhani wanalia. Baadaye akaniambia, "Umeona walivyomlilia baba yako." Nikasema nimeona.

Gervas alitoa salamu za walimu. Alilia vizuri sana.

Baada ya msiba tukaitwa walimu wa sayansi kwenye mafunzo, katika ukumbi mmoja hapo Tabora mjini. Jinsi ya kutumia masomo ya bure ya mtandaoni kufundishia. Mwezeshaji, Gervas. Suti, kipaza sauti, kompyuta mpya. Nilikaa nyuma, hakuniona. Akaonyesha somo la moyo. Lilikuwa lako, Baba. Picha inasimama pale pale ulipokuwa unaisimamisha, swali ni lile lile, damu itatokea mlango upi. Sauti tu ndiyo ilikuwa yake, na mwishoni jina lilikuwa moja, lake.

Kisha akasema tupumzike kidogo, atuonyeshe kosa ambalo mwalimu hapaswi kulifanya. "Kuingia darasani bila kujiandaa." Akakuweka ukutani. Mkubwa kuliko mlango, mdomo wazi, na punda. Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Mwalimu aliyekaa kando yangu alinipiga bega ili tucheke wote.

Nikasimama. Nikamwomba airudishe, azime sauti. Ndipo aliponiona. Mikono yake ikahangaika kwenye kompyuta, akasema muda hautoshi. Nikatembea hadi mbele nikairudisha mwenyewe, nikaisimamisha. Nikasema, "Tazameni mdomo, upande wa kulia. Huyu ni baba yangu. Mnachokicheka ni kiharusi. Hapa alikuwa hajafa, alikuwa anaanza. Na aliyekuwa ameshika simu ni huyu mwenye kipaza sauti."

Mtu mmoja nyuma, ambaye nadhani hakusikia, aliendelea kucheka peke yake mpaka akagundua.

Gervas alisema, "Dada Neema, sikujua. Haki ya Mungu sikujua alikuwa mgonjwa."

"Ulijua kwamba mtoto alimpa neno na akamaliza somo. Ulikata hapo."

Akafungua mdomo. Halikutoka neno. Alisimama hivyo muda mrefu, na mimi nikamtazama bila haraka, na nilifurahi. Sikufichi. Ilikuwa furaha tamu kuliko zote nilizopata tangu ufe. Nikamwambia anipe rekodi nzima, ile yenye mtoto, yenye wewe unashukuru na kuendelea.

"Nilifuta," akasema. "Simu ilijaa."

Nilimwamini. Mtu akidanganya huchagua uongo mzuri kuliko huo. Kwa hiyo somo lako halipo tena popote, Baba. Kilichobaki duniani ni kile kipande.

Mafunzo yaliendelea baada ya chai. Gervas akaendelea kuwa mwezeshaji. Walimu wachache walinipa mkono wa pole, na mmoja aliniomba nimtumie lile somo la moyo la Gervas, amelipenda.

Sasa nirudi kwa Shija. Nilingoja darasa liishe kulia kipunda. Nikawaambia yule mzee ni baba yangu, nikawaeleza alikuwa anaumwa nini. Niliwafundisha dalili zote: mdomo kushuka upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kupotea. Nikawaambia wakiiona nyumbani wasicheke, wapige kelele mtu apelekwe hospitali hapo hapo. Shija alikaa chini akajifunika uso kwa sweta. Mtoto mmoja akauliza, "Kwa hiyo Madam, alikufa?" Nikasema alikufa. Wakaandika, wakatoka mapumziko. Nikabaki ndani nafuta ubao, na kabla sijamaliza, nikamsikia mtu nyuma ya dirisha anasema kwa sauti nzito, limenitoka, na wenzake wanacheka. Hakuwa Shija. Hilo tu ndilo nililolipata.

Sasa niko nyumbani, Ulyankulu, nimekuja likizo kwa Mama. Anakula kidogo, anaongea na kuku. Alijua unachekwa, aliyasikia sokoni, lakini simu yake ni ya vitufe na hajawahi kuiona picha yenyewe. Jana mchana alifuta mikono kwenye kanga, akakaa karibu nami akasema, "Mwanangu, watu wanasema baba yako yumo kwenye simu anafundisha. Nionyeshe."

Sina kingine. Nilitafuta, Baba, masomo yako yote Gervas ameyaondoa akayarudisha kwa sauti yake, na wewe huonekani. Nikazima sauti, nikamwonyesha kile kipande.

Alishika simu kwa mikono miwili. Akakuona umesimama ubaoni na shati lako la kijivu, chaki juu, mdomo wazi.

"Anafikiri," akasema. "Subiri, atasema sasa hivi."

Picha ikaisha.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. Akasogeza simu karibu na macho, akangoja. Ikaisha tena. Akaniomba nirudishe.

Siwezi kukuahidi kwamba wataacha kukucheka, kwa sababu hawataacha. Ninachoweza ni hiki. Muhula ujao nitafundisha moyo. Nitakwenda kwa Bi Zuwena kuuchukua upya, nitausimamisha unapostahili kusimama, nitawaacha watoto wabishane, na mwisho nitamtaja yule mwalimu wa mbali na nitakutaja wewe, na atakayecheka atacheka nami nikiendelea kufundisha. Nitarekodi kwa sauti yangu, niweke bure, ingawa najua kuna Gervas mwingine anangoja.

Na Mama nitamrudishia kila atakapoomba, bila sauti, mpaka atakaposema inatosha. Lala salama, Baba. Mwalimu wangu wa kwanza.

Binti yako,
Neema