Mpira Uliokwenda Kuchunga Mbuzi

Jumatano, 4 Machi

Mvua tangu asubuhi. Uwanja wa gofu umefungwa. Sisi wabeba mifuko tumekaa bandani kati ya majembe na reki, soksi zimelowa.

Daktari alikuja, si kucheza. Alikuja kuniambia. Nyumba imeuzwa, binti yake atamchukua Jumatatu akaishi naye mbali. Jumamosi atacheza mara ya mwisho na Mwokaji, jirani yake, kama kila Jumamosi. Nimembebea fimbo zake miaka kumi na mmoja. Nikasema, "Sawa, mzee." Sawa gani?

Alhamisi, 5 Machi

Mgongo. Leo nimebeba mfuko wa mtu wa benki, mzito kama ana matofali. Akapiga, akakosa mpira kabisa. Mwenzangu, huyu aliyeanza kazi juzi, akaninong'oneza, "Anafukuza nzi." Pigo la pili likaishia vichakani. "Kaenda kuchunga mbuzi."

Nikamuuliza neno hilo kalitoa wapi. "Ah, kaka, la hapa hapa. La tangu zamani."

La zamani! Ni langu hilo. Wiki yangu ya kwanza hapa mpira wa Daktari ulipotelea kichakani, nami likanitoka tu, maana ndivyo nilivyokuwa nikipotea mimi. Alicheka mpaka akakaa chini. Baba alikuwa na mbuzi tisa, kwa ajili yao niliishia darasa la tano. Siku niliyorudi na wanane hakunipiga. Aliwatazama, akasema, "Basi mwenye akili ni yule aliyebaki huko."

Baba alizikwa mimi nikiwa huku. Na watu wasiomjua wanawataja mbuzi wake kila siku.

Ijumaa, 6 Machi

Nimesugua fimbo zake zote. Hakuniagiza.

Jumamosi, 7 Machi

Macho ya Daktari hayafiki mbali tena. Akipiga huniuliza, "Umeenda wapi?" Namwambia umeenda kuoga, ukiwa majini. Umeenda kuota jua, ukiwa mchangani. Na kwa miaka miwili sasa — nakuandikia wewe daftari, sina mwingine — ukiwa vichakani nausogeza kwa kiatu. Hatua mbili, tatu. Nilijiambia, mzee wa watu, nani ataumia?

Leo walifika shimo la mwisho wakiwa sawasawa. Mwokaji yuko mchangani.

"Jirani, unaota jua?" Daktari akamwita.

"Piga wewe, kipofu. Hata kivuli chako hukioni."

Daktari akapiga. Mpira ukaenda upande wa kulia. Nikasikia mti ukigongwa.

"Umeenda wapi?"

"Kuchunga mbuzi, mzee."

Hakucheka. Alinishika mkono. "Leo usimrudishe. Nitamfuata mwenyewe."

Kumbe anajua. Sijui tangu lini.

Nikatangulia kuutafuta, ndiyo kazi yangu. Ulikuwa nyuma ya mzizi mnene, pale hata kijana hawezi kupiga. Nyuma nasikia fimbo yake ikipapasa majani. Nilikuwa nimesikia alivyosema, nilisikia vizuri. Mguu ukafanya ulichozoea.

Akafika, akapiga. Pigo safi, la zamani. Mpira ukabiringika hadi ukingoni mwa shimo, ukasimama. "Kabisha hodi," akasema Mwokaji. Sheria inampa mchezaji sekunde kumi za kungoja. Nikahesabu kwa sauti. Ya nane, ukaingia.

Mwokaji alivua kofia. Daktari alitugeukia sote. "Na huu hakuusaidia mtu."

Nikainama kuokota bendera. Ilikuwa mkononi mwangu tayari.

Jumapili, 8 Machi

Mwokaji kanikuta bandani. Anasema jana rafiki yake kasimulia lile pigo klabuni mpaka watumishi wakazima taa, na jinsi mbeba mfuko wake alivyomtii. Kaniachia ujumbe wa Daktari. Kesho saa mbili, kabla ya gari kuondoka, nimpeleke pale mpira ulipokuwa. Hataki kuonyeshwa, anataka kupagusa kwa mkono.

Jioni nimekwenda kupatazama. Mzizi upo. Kuanzia kwenye mzizi mpaka pale alipopigia kuna mfuo, na soli ya kiatu changu imejichora kwenye tope, hata misumari unaihesabu. Mvua haijarudi.

Nilikuwa nimekwenda na reki. Nimerudi nayo chumbani bila kufuta alama, haina hata jani moja. Sasa saa moja usiku. Mawingu yapo, lakini mvua bado.