Mkalimani wa Saa Kumi

Jumapili, 3 Januari 1999

Leo nimetafsiri vizuri kuliko wiki zote! Naandika kabla sijapoa.

Ukumbi wa shamba la ngano ulijaa tangu saa tisa. Marudio ya tamthilia ya televisheni, “Urithi wa Tawalani”, ni saa kumi kamili, lakini Nicodemo, mtunza ukumbi, hupenda kuchelewesha jenereta ili tumbembeleze. Sikumbembeleza. Mbele wafanyakazi kwenye viti, nyuma majirani wa kijiji cha Basotu kwenye magunia matupu, mimi nimesimama katikati. Watu wa tamthilia wanaongea Kiswahili cha mafumbo cha pwani, hata wenye kidato cha nne wanatoa macho tu. Mimi nakigeuza Kiiraqw kwa kina mama, halafu Kibarbaig kwa wazee wa ng’ombe. Kiiraqw ni cha kwetu, kijijini Daudi. Kibarbaig nimekipata kwa bibi yangu Tekla. Mwingine shamba zima anayeweza vyote viwili? Hayupo!

Sehemu ya leo: mzee Tawalani amezikwa, matanga hata hayajaanuliwa, wanawe wawili wanataka kujenga hoteli pale pale alipolala. Dada yao Mwanaidi amekataa. Zita, jirani yangu wa kota, anasema Mwanaidi ataolewa na yule wakili na mambo yataisha. Kwa Zita kila kitu kinaishia harusini. Mzee Gidahosh, ambaye hakosi hata wiki moja, aliuliza swali moja tu: hao vijana ni wazima? Nikamjibu ni wazima, wanataka hoteli. Akatikisa kichwa mpaka mwisho wa kipindi.

Jumanne, 5 Januari

Barua nane nimechapa leo ofisini, kosa hata moja hakuna. Pembeni zimenyooka kama mstari wa kupandia ngano.

Nicodemo ananiambia napiga kelele, watu wanakuja kusikiliza televisheni, siyo mimi. Nimemwambia Jumapili azime sauti, tuone nani atatoka. Ameenda zake kufagia. Safi.

Jumapili, 10 Januari

Lo, leo! Wale vijana wameleta katapila. Mwanaidi kajilaza juu ya kaburi la baba yake, buldoza linanguruma miguuni pake. Kina mama wa Basotu wamelia. Wafanyakazi wakabishana – wengine wanasema atakufa, wengine wanasema staringi huwa hafi. Mimi nasema mwigizaji wa kaka mkubwa hajui kazi, anacheka hata pa kulia. Ila huyo Mwanaidi – huyo anajua.

Meneja wetu mpya alikuwa kiti cha mbele. Ana miezi sita tu hapa, lakini tamthilia haimpiti. Mara akasimama, kidole kwenye kioo:

“Anayevuruga kaburi la mzee wa watu si mtu, hata awe na karatasi za serikali!”

Makofi! Akanigeukia, akasema nitafsiri na hilo. Nikatafsiri mara mbili, kwa lugha mbili. Mzee Gidahosh akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena. Nimerudi nyumbani kichwa kimevimba, nikajua Kibarbaig changu kimemkosha.

Jumatano, 13 Januari

Hakikuwa Kibarbaig changu.

Leo Mzee Gidahosh alikuja ofisini. Alisimama nje na fimbo yake mpaka nilipotoka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza habari za bibi Tekla, za nyumbani, za ng’ombe wa kwetu. Ndipo akasema lake.

Katika Ploti 14 ya ngano kuna kilima kidogo cha udongo. Madereva wa trekta hukizunguka miaka yote. Kumbe ni kaburi la baba yake. Ukoo mzima ulilijenga kwa miezi, kwa pombe ya asali na nyimbo, maana alikuwa mzee wa heshima. Yeye Gidahosh alikuwa kijana, alibeba udongo. Sasa Sulle, dereva wa trekta, amemdokeza kwamba litasawazishwa kabla ya kupanda. Akaniuliza kama ni kweli.

Ni kweli. Nilichapa mimi! Ile Jumanne ya barua nane. “Kichuguu cha Ploti 14 kisawazishwe Jumatatu tarehe 25.” Nakala tatu. Niliandikiwa kichuguu nikachapa kichuguu, nikasifia pembeni zilivyonyooka. Sijui kama Meneja, aliyeitia saini, amewahi kufika pale kwa miguu.

Nilimwambia ukweli wote. Nimeona aibu, sijaona aibu kama hii tangu shule. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama Jumapili ni saa ileile.

Jumamosi, 16 Januari

Zita ameniambia nisijiingize. Ukalimani haunipi mshahara, anasema, ukarani ndio unanipa. Nyumba ya shamba, kitanda cha shamba, hata taa ninayoandikia ni ya shamba. Anasema kweli. Ni rafiki, na leo nimemchukia.

Jumapili, 17 Januari

Naandikia kwenye daftari la ofisi, siti ya nyuma ya Landrova. Mwandiko unarukaruka.

Mzee Gidahosh alikuja na wazee saba. Tamthilia ilifika mahakamani. Jaji kavaa miwani, anafungua hukumu ya kaburi la Tawalani – na hapo Gidahosh akainuka, akapita katikati ya magunia, akasimama kati ya televisheni na Meneja. Nicodemo akamwambia akae. Hakukaa. Akasema taratibu, akanitazama.

Ningeweza kusema mzee anasalimia. Zita alikuwa ananikonyeza niseme hivyo. Nikatafsiri yote:

“Bwana Meneja, wiki iliyopita ulisema anayevuruga kaburi la mzee wa watu si mtu. Nilimwomba binti huyu arudie nisikose hata neno. Kaburi la baba yangu liko Ploti 14, na Jumatatu tarehe 25 mtalisawazisha. Yale maneno ulimwambia Tawalani peke yake, au na mimi nilikuwemo?”

Jaji anasoma, hakuna anayemsikiliza. Meneja akaniuliza mzee amesema nini hasa.

“Amesema kaburi, bwana. Mimi ndiye niliyechapa kichuguu.”

Sauti yangu haikutetemeka. Najivunia hilo, na nitajivunia hata kama kesho narudi Daudi na sanduku langu kichwani.

Meneja akaagiza televisheni izimwe. Katikati ya hukumu! Mwanaidi ameshinda au ameshindwa, hakuna anayejua, na hakuna aliyelalamika, hata Zita. Akachukua funguo za Landrova.

Meneja ameendesha mwenyewe. Gidahosh yuko mbele kando yake, fimbo kati ya magoti. Sasa tumesimama. Ngano ya mwaka jana imebaki mabua tu, na lile kaburi liko peke yake katikati, majani yameota juu. Meneja ameshuka. Amesimama mbali nalo kidogo, amevua kofia, anaigeuza geuza mikononi.

“Fabiola,” ananiita bila kugeuka. “Muulize mzee. Huyu baba yake anaamkiwaje?”

Gidahosh ananitazama, anangoja nitafsiri. Nashuka.