Turubai Tumelifua, Mama

Mama,

Amani iwe juu yako huko ulikotangulia. Nimekusomea Fatiha kwanza, ndipo nikashika kalamu. Watoto wamelala, Baba amekwenda msikitini kuswali alasiri, na mimi nimekaa kwenye kizingiti cha ua, miguu inaniwaka moto. Sikuja kulia leo. Nimekuja kukupa habari: turubai la barazani tumelifua.

Najua utaguna. Utasema, mpaka leo? Ndiyo, Mama. Mpaka leo.

Ulipotutoka, mvua za vuli zilikuwa ndiyo zinaanza. Wanaume waliokuja matangani walikaa barazani chini ya turubai, mvua ikawanyeshea kwa juu, na hapakuwa na mtu wa kulishusha. Mimi nilikumbuka. Lakini utamwambiaje mtu aliyekuja kuzika ainuke ili ufungue kamba? Basi likalowa, likakauka nusunusu, likalowa tena. Tulipoanua matanga, ile mistari ya kijani na nyeupe ilikwisha jaa vidoa vyeusi vya kuvu, kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Nilitaka kulishusha siku ileile. Nikapanda kwenye benchi, nikaanza na fundo la kwanza. Baba alikuwa kitini kwake.

"Rukia, liache."

"Baba, litaoza."

"Liache, mwanangu. Mikono yake ndiyo ya mwisho kulishika."

Nikashuka. Nitabishana vipi na mkwe wangu? Tangu nilipoletwa hapa bi harusi kutoka Mlingotini, nikitaka jambo kwa Baba nilipitia kwako. Wewe ulikuwa mdomo wangu. Ulipozikwa nikabaki bubu ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kazi za mgahawa wetu wa barazani hazikupungua, Mama. Mikono ndiyo iliyopungua. Alfajiri nakanda unga, nachoma vitumbua, naweka maharage, nachemsha chai, na hapo watoto hawajaamka. Sabuni siku hizi ni foleni. Unasimama na jua lote la Mungu na ukifika dirishani unaambiwa imekwisha. Mwanao Salum bado yuko na lori, leo Chalinze, kesho Dar, nyumbani tunamwona Ijumaa, naye akija analala kama gogo. Simlaumu. Nakwambia tu jinsi tulivyo.

Na turubai juu yetu linazidi kuchafuka. Kunguru walipajua pale, wakapageuza choo chao. Moshi wa jiko ukaongeza masizi yake. Kukinyesha, maji yanatuama katikati, turubai linaning'inia kama tumbo, kisha linadondosha matone meusi. Asubuhi moja tone likaingia ndani ya kikombe cha mwalimu mmoja, mteja wetu wa siku zote. Akakitazama kikombe, akasema, "Bi Rukia, hii ni chai au maji ya mtaro?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikambadilishia. Lakini kesho yake hakuja, na wenzake hawakuja. Kidogo kidogo baraza likabaki la Baba peke yake, kakaa chini ya uchafu ule mchana kutwa, kama mtu anayelinda kaburi.

Ijumaa moja Salum alitoka msikitini, akasimama njiani, akalitazama kwa muda. Akaniambia, lakini kwa sauti ya kumfikia baba yake, "Ijumaa ijayo naja na fundi na bati. Hili tunalitupa."

Baba akainuka kitini. Aliingia chumbani na siku ile hakugusa wali. Nilimpelekea sahani, nikairudisha vilevile.

Mimi nilikuwa kati yao, Mama. Mume wangu ana haki, wateja wamekimbia na watoto wanataka kula. Na Baba naye nilimwelewa. Nilijua turubai likitupwa jalalani, atahamia chumbani, na chumbani hatatoka. Lakini nilikuwa nimechoka mno. Nilisema moyoni, na waje na bati lao, nipumzike.

Kabla ya Ijumaa hiyo, binti yako Mwajuma akatokea kutoka Zinga. Unaujua moto wake. Habari za bati zilikwisha mfikia, na yeye alikuja kuliokoa turubai la mama yake kabla kaka yake hajafika. Akaja na magadi kwenye mfuko na brashi ya kusugulia sakafu. Hata hodi hakunipigia. Mimi niko jikoni nasikia tu krwa, krwa, krwa. Kutoka nje, namkuta juu ya benchi, ameloweka pembe ya mlangoni kwa magadi na anaisugua kwa nguvu zake zote. Rangi ya kijani inamchuruzika mkononi mpaka kwenye kiwiko. Kitambaa kimeota manyoya, kimekuwa chepesi, unaliona jua upande wa pili.

Nikamkamata mkono. "Wifi, unaliua!"

"Nalitakasa! Nyinyi mmelikalia tu linaoza, kama vile hamkumpenda!"

Mama, neno lile liliniingia. Nilikaa palepale sakafuni, unga mikononi, njia inapita watu, nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku ya maziko, maana siku ile nilikuwa napika. Mwajuma akateremka, akanikumbatia, akalia na yeye.

Baba akatoka. Aliiangalia ile pembe, akaishika kwa vidole viwili kama anavyoshika karatasi za msahafu wake wa zamani. Kisha akasema, "Mama Salum hakuwa akifanya hivi."

Tangu tukuzike hakuwa amekutaja kwa jina.

Mwajuma akafuta pua. "Alikuwa akifanyaje, Baba?"

"Kwanza, akilishusha." Akavua kanzu yake, akanikabidhi, akabaki na fulana na shuka, akaanza kufungua mafundo mwenyewe.

Tulilitandaza uani juu ya mikeka. Nikachukua ufagio laini nikalipangusa likiwa kavu, juu na chini, na kwenye mishono kunakojificha vumbi. Mwajuma alikwisha shika ndoo, nikamzuia. Nikamwambia maneno yako yaleyale, vumbi ukilimwagia maji limekuwa tope, na tope linaingia ndani ya uzi. Tukaikwangua sabuni ya mche kwenye maji ya baridi, kipande kile nilichokuwa nakificha kwa ajili ya nguo za watoto. Mwajuma akauliza kwa nini tusiyapashe maji moto. Nikamweleza kuwa fundi alilipaka nta ili mvua iteleze, na maji ya moto yanaiondoa, na magadi vilevile. Akainamisha kichwa. Nikampa dodoki. Nikamwonyesha: usikandamize, lipitishe kama unamwogesha mtoto mwenye homa.

Mavi ya kunguru tuliyalowesha tukayaacha yalainike yenyewe, hatukukwangua. Kwenye kuvu nikatia ndimu na chumvi. Nilijaribu kwanza kwenye pindo la ndani, pasipoonekana, nikangoja nione kama rangi itatoka. Haikutoka. Tukaendelea, doa kwa doa, migongo inatukatika. Maji ya kusuuzia tuliteka kwenye pipa la mvua, maana kisima chetu unakijua chumvi yake. Tulisuuza mpaka sabuni yote ikatoka, kwa vile ikibaki inakamata vumbi upya.

Tukafika pale pa kuliinua maji yatoke. Hatulikamui, tunalishika huku na huku na kuliinamisha. Nikashika upande wangu, na nikakwama, Mama. Upande wa pili ulikuwa wako. Mwajuma alikuwa kwenye pipa na ndoo zake. Nilisimama na pindo mkononi, sijui nifanye nini.

Baba akaja akashika upande ule.

Mkwe wangu, ana kwa ana nami, na kitambaa kimelowa kati yetu. Nikateremsha macho kama ulivyonifunza.

"Nitazame, mwanangu," akasema. "La sivyo tutaliangusha."

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu na yamechoka kuliko yangu. Sikuwahi kujua kuwa amechoka hivyo. Nilidhani mimi ndiye niliyechoka peke yangu nyumba hii.

"Inua. Taratibu. Haya, teremsha kwako."

Maji yakateremka, kwanza meusi, kisha ya kijivu, kisha safi.

Tulilitanda juu ya kamba mbili, tukaligeuza, tukalivuta lisikunjike. Baba akawa anafukuza kunguru kwa kifimbo. Mwajuma alitaka tulifunge kesho yake asubuhi, Baba akabinya mishono kwa vidole, akasema bado. Tukangoja. Lilipokauka kabisa, Mwajuma akaishona ile pembe kwa kipande cha gunia la unga, akaomba radhi kwangu na kwa Baba, tukalipandisha.

Sikudanganyi, halikurudi kuwa jipya. Vidoa bado unaviona kwenye mistari myeupe ukikaribia, na kiraka kinajulikana tangu mbali. Lakini mwanga unapita vizuri, na tumelikaza, mvua ikilikuta ghafla maji hayatuami.

Ijumaa Salum akaja kweli, na fundi, na bati juu ya lori. Akasimama njiani. Baba akamwambia, "Bati lipeleke jikoni, kunavuja." Salum akanitazama, akamtazama baba yake, akakaa benchini. Akaagiza chai yake na ya fundi, kama mteja. Niliwamiminia.

Wateja wanarudi, si wote. Mwalimu amerudi. Mwajuma anakuja siku za gulio kunisaidia kukanda, na moto wake tunautumia huko. Baba sasa ananiita mwenyewe akitaka chumvi, na juzi ameniambia nimezidisha iliki. Nilifurahi kukosolewa, hebu fikiria.

Mama, naona ni wakati wa kukuaga, watoto wanaamka. Wingu likitanda, turubai litashuka kabla halijalowa, hilo usiwe na shaka nalo. Baba hatakula peke yake. Lakini kubwa ninalokuahidi ni jingine. Ile asubuhi kifua kilipokubana ulisema ni upepo tu, ukaendelea kugeuza vitumbua, na mpaka unaanguka ulikuwa umesimama. Sikuwahi kukuona umekaa. Mimi nitakaa, Mama. Nikichoka nitasema nimechoka, na mwenye njaa atangoja. Nitawafundisha hivyo na wanangu wa kike.

Mungu akupanulie kaburi lako, akupumzishe.

Mkaza mwanao,
Rukia