Mbavu za Falesi

Ntchisi, 9 Julai

Dada yangu mpendwa Enelesi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko ugenini Joni, wewe na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Sisi huku tunasukuma siku. Mama hajambo, karanga tumeshavuna, ila baridi ya mwaka huu imetutesa. Nimempa dereva wa basi barua hii badala ya kukupigia simu, maana kwa hasira niliyo nayo ningekutukana, na wewe ni mkubwa wangu.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti. Unasema shemeji Wedson amekupigia akilia kwamba nimemfukuza kama mbwa mla mayai. Unataka niwaite wazee tuwapatanishe, kwa sababu Falesi ni mgonjwa-mgonjwa, na mwanamume gani mwingine atamtaka. Dada, niliurudia nikidhani nimesikia vibaya. Mdogo wetu hana ugonjwa wowote. Amepigwa.

Unakumbuka zile mimba mbili zilizoharibika, na kile kikohozi kisichoisha? Tulisema ni chumvi. Tulisema alitia chumvi kwenye mboga siku ambazo mila inamkataza mwanamke, akajiletea mdulo, ule ugonjwa wa kuvunja mwiko, yeye na watoto wake wa tumboni. Wewe mwenyewe ulisema apelekwe kwa bibi Zelifa, akanyweshwa uji wa mizizi mwezi mzima. Kisimani wanawake walimwambia asiguse vyungu vyao, asije akawamaliza, na watu wakacheka. Wedson naye alicheka, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa akijua.

Jumamosi iliyopita Falesi alishindwa kuamka. Alikuwa akipumua nusunusu na kutema damu. Nikampakia kwenye baiskeli hadi hospitali ya wilaya, wakampiga picha ya kifua. Daktari, binti mdogo kuliko Falesi, aliiinua ile picha dirishani akanionyesha kwa kalamu: mbavu mbili zimevunjika juzijuzi, na nyingine tatu zilivunjika zamani, zikaunga zenyewe vibaya. Mimba ya miezi mitano ilikuwa imeshafia tumboni kwa teke. Nilipomweleza habari za mdulo, aliniuliza kwa adabu kabisa chumvi inavunjaje mbavu. Nilitamani ardhi inimeze.

Niliporudi nilimkuta Wedson barazani, kwenye nyumba iliyo katika ardhi ya mama yetu, anakula viazi. Nikamuuliza kama anajua mkewe yuko wapi. Akanijibu, huku anatafuna, kwamba si namjua dada yangu mwenyewe, anapenda kujilegeza. Basi nikaingia ndani nikamtolea jembe lake na mkeka wake. Alikuja kwetu kuoa na vitu hivyo viwili, ameondoka navyo. Usidhani anamlilia Falesi. Analilia shamba letu la tumbaku.

Kesi ya kumshtaki Wedson mahakamani ni Jumanne. Wedson anapita nyumba kwa nyumba akisema dada mkubwa ameshamsamehe. Neno lako lina uzito hapa kuliko langu. Ukitamka upatanisho tu, wazee watalidaka, kesi itafutwa, na Falesi atarudishwa kwa mume huyo akamalizwe.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili hata mke wangu sijamwambia. Daktari alipomuuliza Falesi nani kampiga, aligeuza shingo akanitazama mimi, anasubiri ruhusa. Ruhusa, dada! Na aliyemfundisha hivyo ni mimi. Mimi ndiye nkhoswe, msimamizi wa ndoa yake, ndiye wa kupokea mashtaka yake, na alikuja kwangu mara tatu; nilikudanganya niliposema Wedson peke yake ndiye aliyekuwa akijua. Mara zote tatu nilimwita Wedson nikamfokea, naye akaleta jogoo wa kuomba radhi kama desturi inavyotaka. Falesi ndiye aliyemnyonyoa na kumpika, na mbavu zake zile, akapiga magoti akaniwekea firigisi mbele yangu. Nikala. Nikamwambia ndoa ni uvumilivu, na ya ndani yabaki ndani. Kisha nikanawa mikono nikaenda zangu. Wedson ni mnyama, lakini mimi nililishwa ili ninyamaze, nikanyamaza.

Jumanne nitasimama mahakamani upande wa Falesi. Nikiulizwa nilijua tangu lini, nitayasema haya yote mbele ya Mama na kijiji kizima, na unkhoswe wauchukue. Kwako naomba jambo moja: mpigie Mama kabla ya siku hiyo, umwambie kwa kinywa chako kwamba hutaki upatanisho.

Wasalimie watoto, na majirani zako wa nyumbani walioko huko. Mama anakusalimu sana. Falesi pia anakusalimu kutoka wodini. Jana aliniuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kukataa kurudi kwa Wedson. Nikamwambia ndiyo. Akaniomba niseme tena.

Ni mimi mdogo wako,
Lefani