Alichoniambia Zenobia Mbele ya Tanuri

Arani, Cochabamba,
5 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Nieves,

Kwanza nikujulie hali. Mgongo unaendeleaje? Na yule bibi unayemtunza, bado anagoma kula mpaka umkaripie? Nasikia huko Bergamo baridi imeshaanza kuuma. Vaa soksi mbili, usijifanye kijana.

Huku tu wazima kiasi chake. Mvua imechelewa, na mahindi ya shemeji yako Saturnino yamekunja majani kama yanaona haya. Mimi miguu hunivimba nikisimama sana tanurini, lakini mkate unatoka na watu wanaula, kwa hiyo silalamiki.

Barua hii nimempa Lidia, binti wa jirani yetu, anayerudi huko wiki ijayo. Nimemfungia na mikate ya kwetu. Ukikuta imekauka, ichovye kwenye chai.

Siku ya Wafu tulimpokea mdogo wetu Zenobia. Ni mara yake ya kwanza kuja kwetu kama marehemu tangu tulipomzika Juni. Nilimfinyangia mkate wa umbo lake, na nywele zake mbili za kusuka. Binti yake Yovana alipanga meza: supu ya karanga, viazi, chicha ile pombe ya mahindi, na zile peremende za mnanaa Zenobia alizokuwa akimficha mumewe Saturnino. Waombaji walikuja, wakamwombea, wakapewa mikate yao, wakaondoka. Saturnino alikaa kwenye kiti karibu na meza kuanzia adhuhuri hadi adhuhuri ya pili. Tulipoanza kuiandua meza akaniuliza, “Shemeji, unadhani ameshiba?” Nikamwambia ameshiba.

Nieves, mdogo wangu, sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Kwenye simu nisingeweza. Wewe unaongea ukiwa jikoni kwa watu, na mimi sauti hunikatika.

Tulikwambia Zenobia ameuawa na figo. Si uongo mtupu, maana figo ndizo zilizommaliza. Lakini kilichoanza hakikuwa figo. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Saturnino ndiye aliyeniomba nisikwambie, aliona aibu watu wajue mkewe aliugua huko. Nami nilikubali haraka, kwa sababu yangu mwenyewe, utaiona.

Mwaka juzi, karibu na Pasaka, tulikuwa wawili tu tanurini. Zenobia alikuwa akipanga mikate kwenye koleo, akaniambia bila kunitazama, “Dada, mwezi huu nimeingia siku zangu mara mbili.”

Nikamuuliza, “Una miaka mingapi wewe?”

“Arobaini na moja.”

“Basi ndiyo umri unaanza kuondoka. Mama naye alikuwa hivyohivyo.”

Nieves, mimi sikujua mama alikuwaje. Mama hakuwahi kutuambia neno moja kuhusu mambo hayo, unakumbuka. Nilisema tu ili mazungumzo yaishe, kwa sababu unga ulikuwa umeumuka na wateja wanangoja.

Nikamchemshia majani ya oregano, nikamkataza maji baridi. Baadaye miezi miwili ikapita asione kitu, akafurahi, akadhani imekoma. Kisha ikaja ikakaa wiki mbili. Ikawa haina hesabu. Akaacha kuvaa zile pollera, sketi zake pana za rangi ya waridi na ya kijani, akawa anavaa nyeusi tu. Wanawake sokoni wakamuuliza, “Zenobia, umefiwa na nani?” Akawajibu, “Nimefiwa na ujana wangu, mazishi Jumapili, mje na chicha.” Wakacheka. Nami nikacheka. Nilijua kwa nini anavaa nyeusi, Nieves. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia kufua.

Mwaka jana katikati ya Julai alinishika mkono uani. Akasema, “Dada, sasa naona damu hata nikikutana na Saturnino. Kila mara. Na kiuno kinaniuma. Nataka niende mjini kwa daktari.”

Nikamwambia, “Nenda, lakini sikukuu ya Bikira Maria ya Agosti ipite kwanza. Nani atanisaidia na mikate yote hii?”

Akasema, “Sawa, dada.” Hivyo tu. Wewe wamjua, hakuwa mtu wa kubishana nami.

Sikukuu ikapita. Tulioka kuliko miaka yote. Wiki mbili baadaye alianguka mbele ya beseni la kukandia unga, uso mweupe kama huo unga wenyewe, na sakafu ikalowa. Tulimpeleka Cochabamba kwenye gari la muuza viazi. Wakamwongezea damu chupa tatu. Wakamkata kinyama kidogo, wakakipeleka kupimwa, tukangoja majibu karibu mwezi mzima.

Daktari Montaño, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, alituita mimi na Saturnino. Alituuliza kama Zenobia aliwahi kupimwa mlango wa kizazi. Saturnino akatazama kofia yake. Nikasema hapana. Akauliza damu hii ilianza lini. Nikasema, mwaka jana Pasaka. Daktari akaandika. Nikamwambia, “Daktari, sema tu. Tungekuja wakati ule?”

Akasema, “Mama Casilda, hakuna awezaye kuapa. Lakini wakati ule huenda ungekuwa ugonjwa mwingine. Mdogo, wa kukatwa ukaisha.”

Walimchoma kwa mionzi miezi ile ya Novemba mpaka Januari. Akarudi nyumbani, akapata nafuu, hata akakanda unga siku mbili. Mwezi wa Aprili miguu ikavimba, mkojo ukaziba. Mengine unayajua.

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Wamelisema hata msibani, nikiwa nimekaa palepale. Lakini Zenobia hakuficha. Aliniambia mimi. Alinifuata mara mbili akanieleza kwa mdomo wake, na mara zote mbili nilimrudisha kwenye unga.

Siku mbili kabla hajafa nilimwomba msamaha. Akaniambia, “Acha, dada, utaniliza na machozi yenyewe sina.” Kisha akaniambia nimwangalie Yovana. Hakusema kuwa amenisamehe. Labda aliona si jambo la kusemwa. Labda hakuweza. Sijui, na sasa nitamuuliza nani?

Basi Yovana ana miaka kumi na minne, alivunja ungo mwaka jana. Mwezi wa Septemba nikagundua amekosa siku zake miezi miwili. Sikungoja hata chai. Nikamkokota hadi zahanati, njia nzima ananilalamikia, “Mama mkubwa, unanitia aibu! Wanadhani nina mimba!” Nesi akamuuliza hili na lile faraghani, akampima, kisha akanicheka: “Doña Casilda, umemburuta mtoto kama ndama aliyevunjika mguu.” Akanieleza kwamba miaka miwili mitatu ya mwanzo mwili wa msichana bado unajifunza, mwezi unaweza kuruka, na si ugonjwa. Ila akipitisha miezi mitatu bila kuona, au akitokwa na damu zaidi ya wiki, au akiumwa hadi ashindwe kwenda shule, nimrudishe. Yovana hakuongea nami siku nzima. Mimi nilishukuru hata kwa kununa kwake.

Nesi yule akanishauri nami nipimwe. Nina miaka hamsini na saba, sijawahi. Nikapanda kile kitanda. Nieves, kipimo chenyewe kilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha yai. Majibu yalikuja mazuri. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za zahanati, nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji. Alidhani nimeambiwa nakufa. Sikuweza kumweleza kwamba nililia kwa ufupi wa jambo lenyewe.

Sasa nakuja kwako.

Mwezi uliopita, tulipoongea kwa simu, ulinitania. Ulisema hedhi yako iliyokoma miaka miwili iliyopita imerudi kukusalimia, na kwamba unazidi kuwa binti, nikutafutie mchumba Mtaliano mwenye meno yake. Nilicheka nawe. Nilipokata simu nikahesabu nauli.

Nilikwenda Cochabamba, nikamngoja Daktari Montaño mlangoni hadi akatoka, nikamuuliza. Alinijibu tukiwa tumesimama. Alisema mwezi wa mwanamke huyumba kwa mambo mengi: mimba, mawazo, kukonda au kunenepa ghafla, tezi ya shingo, uvimbe wa kizazi usio na ubaya, umri unapobadilika. Mwezi mmoja kukorofisha si kitu cha kumkosesha mtu usingizi. Lakini ikirudiarudia kuja kabla ya siku ishirini na moja, au ikipita siku thelathini na tano, mtu aende akaangaliwe. Damu ya katikati ya mwezi, damu baada ya kulala na mume, aende. Na ikimwagika kiasi cha kujaza pedi kila saa, saa baada ya saa, au mtu akasikia kizunguzungu, hiyo ni ya kukimbilia hospitali siku ileile.

Nikamwambia, “Na mwanamke ambaye imeshakoma, halafu ikarudi?”

Akauliza, “Imekoma muda gani?”

“Miaka miwili.”

Akaacha kutafuta funguo zake. Akasema, “Ikishapita mwaka mzima, damu yoyote ikionekana, hata tone, hata doa, hiyo si hedhi tena. Mara nyingi hukutwa jambo dogo. Lakini haijulikani mpaka apimwe. Ni nani huyo?”

Nikasema, ni mdogo wangu. Akanitazama, na nilijua anakumbuka mdogo wangu yule mwingine.

Najua utakayoniambia. Kwamba bibi huyo hana mwingine wa kumwosha. Kwamba Desemba kuna sikukuu na mabinti zake wanakuja. Kwamba kwa Kiitaliano unaona haya kutaja sehemu hizo. Taja kwa kidole, Nieves. Lidia amekubali kukusindikiza na kukusemea, nimemwapisha. Ombeni na picha ya kizazi, wakupime na damu, na wakitaka kukata kinyama wakate.

Saturnino anakusalimu, na amekubali nikwambie ukweli, alisema, “Mwandikie yote.” Yovana anakusalimu, anataka picha ya theluji. Rafiki yetu, comadre Primitiva, naye hakusahau, anauliza kama bado unaimba kanisani. Bikira wetu akufunike kwa joho lake, na malaika wako asikuache njiani.

Usiniandikie kwamba unaendelea vizuri. Niandikie ukishatoka kwa daktari.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa moyo uliobaki,

Casilda